Hatua Nane kwa Yadi Tano

Nianze na mtoto mtoro. Najua mlitarajia askari mwenye tarumbeta inayong'aa, na huyo tutamfikia. Kwanza kuna kijana wa miaka 13 ambaye mwaka 1868, mjini Washington, alilala usiku akiwaza namna ya kuondoka kwao bila kuaga. Jina lake John Philip Sousa. Alikuwa akipiga fidla nyumbani, na mtu wa bendi ya sarakasi aliyekuwa akipita akamsikia, akamvutia pembeni na kumwambia: njoo usafiri nasi, utapiga muziki na utalipwa. Nani asingekubali? Farasi wachezao, miji mipya kila wiki, hakuna shule. John akafunga mdomo wake, ila hakuufunga sawasawa. Alimnong'oneza rafiki yake wa jirani. Rafiki akamwambia mama yake. Na mnajua wenyewe habari ya namna hiyo, ikishafika kwa mama wa jirani, inachukua muda gani kuvuka ua.

Kesho yake asubuhi baba yake, mzee Antonio, akamtaka avae nguo zake nzuri watoke kidogo. Wakaenda kwa miguu hadi kambi ya Kikosi cha Marine cha jeshi la Marekani, ambayo haikuwa mbali na kwao. Mzee Antonio alipiga tromboni katika bendi ya kikosi hicho, kwa hiyo hakuwa mgeni pale. Siku ile mwanawe aliandikishwa kuwa mwanagenzi wa muziki jeshini, kwa mkataba uliomfunga mpaka atimize miaka 21. Sarakasi ikaondoka mjini bila yeye.

Sasa mtaniuliza, jeshi gani linachukua mtoto wa miaka 13? Ni swali zuri, na jibu lake litatueleza mengi.

Zamani, kabla ya redio na simu, jemadari alikuwa na njia chache sana za kusema na askari elfu moja kwa wakati mmoja. Sauti ya mtu inaishia hatua chache mbele yake, hasa bunduki zikianza kulia. Ngoma inakwenda mbali. Filimbi nyembamba inapenya kelele. Basi ngoma na filimbi ndizo zilizowaambia askari waamke, waende kuchukua chakula, wakusanyike, wasonge mbele, warudi nyuma, wazime taa walale. Kila amri ilikuwa na mdundo wake. Aliyekosea mdundo hakuharibu wimbo tu. Aliweza kuwapeleka watu kusikokusudiwa. Na wapigaji wengi walikuwa vijana wadogo, kwa sababu mwenye umri wa kubeba bunduki alipewa bunduki.

Vijana hao walihitaji mwalimu. Katika vita vya Wamarekani vya kujitoa chini ya Uingereza, mwaka 1777, Jenerali George Washington alitoa amri ya kijeshi iliyosema wazi kwamba muziki wa jeshi lake ulikuwa mbovu, na kwamba wakuu wa ngoma na filimbi waurekebishe, la sivyo watashushwa cheo na kukatwa ile nyongeza ya mshahara. Napenda sana amri hiyo. Mtu yumo vitani, askari wake hawana viatu vya kutosha, na bado anaona vibaya kusikia ngoma zikienda kombo. Mwaka uliofuata jeshi likamteua luteni mmoja, John Hiwell, kuwa mkaguzi wa muziki, kazi yake ikiwa kusimamia mafunzo ya wapigaji. Huyo tunaweza kumhesabu miongoni mwa askari wanamuziki wa kwanza wa Marekani waliopewa cheo kwa ajili ya kufundisha wengine. Mwaka 1798 ikaja sheria iliyoanzisha Bendi ya Marine, ikiwa na wapiga ngoma na filimbi 32. Ile ndiyo bendi ambayo, miaka 70 baadaye, ilimpokea mtoto wetu mtoro.

Turudi kwake. Kambini John alijifunza si fidla tu bali namna bendi nzima inavyofanya kazi: nani anashika mdundo, nani anabeba wimbo, nani yuko pale kuziba nafasi iliyo wazi. Akaondoka kwenda kupiga muziki kwenye majumba ya maonyesho. Mwaka 1880, akiwa na miaka 25, wakamwita arudi, safari hii kama kiongozi wa bendi ileile ambayo baba yake alimwingiza kwa hila. Akaiongoza miaka 12, chini ya marais watano.

Katika miaka hiyo, mwaka 1889, gazeti la Washington Post liliandaa mashindano ya insha kwa watoto wa shule na kumwomba Sousa atunge kitu cha kupigwa siku ya kutoa zawadi. Akatunga machi, yaani muziki wa mwendo wa gwaride, na kuipa jina la gazeti. Machi hiyo ikaenea Marekani na kuvuka hadi Ulaya, watu wakaicheza kwenye kumbi za dansi. Yote hayo yalianza na watoto waliokuwa wamekaa wakisubiri kusikia nani amepata namba moja. Majina ya washindi watu wameyasahau, machi bado inapigwa.

Watu walimwita Mfalme wa Machi. Na hapa kuna jambo la kuchekesha: alipoacha jeshi mwaka 1892 na kuunda bendi yake ya kiraia, bendi iliyozunguka dunia kwa karibu miaka 40, iliandamana mara nane tu. Muda wote uliobaki walikuwa wamekaa kwenye viti. Hata lile tarumbeta kubwa linalozunguka mwili wa mpigaji kama chatu na kufungua mdomo wake juu ya kichwa, ambalo Wamarekani wamelipa jina lake, sousafoni, halikutengenezwa kwa ajili ya gwaride. Alilitaka ili sauti nzito imwagike juu ya bendi nzima ukumbini, na la kwanza lilitengenezwa mwaka 1893 mdomo ukiangalia angani. Mvua ikinyesha lilijaa maji. Baadaye mafundi wakageuza mdomo ukaangalia mbele, na leo bendi nyingi za shule za Marekani huwa na safu ya masousafoni uwanjani. Ni mzigo mzito wa shaba au plastiki ngumu begani, na aliyelibeba anatakiwa kutembea kana kwamba hakubeba kitu.

Mwaka 1917 Marekani ikaingia kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Sousa alikuwa na miaka 62, tajiri, mwenye jina. Angeweza kukaa nyumbani. Akajiunga na Jeshi la Wanamaji, akapelekwa kambi ya Great Lakes karibu na Chicago, akapewa vijana wasio na uzoefu awafanye bendi. Aliwafundisha mpaka wakawa zaidi ya mia tatu katika bendi moja, wakazunguka miji wakichangisha fedha za vita na za Msalaba Mwekundu. Mshahara wake, ukiacha dola moja kwa mwaka, aliutoa kwa ajili ya familia za mabaharia. Mtoto aliyefundishwa na askari kambini akawa mzee anayefundisha vijana kambini.

Wakati Sousa yuko Great Lakes, upande wa pili wa bahari, Ufaransa, kulikuwa na bendi nyingine ya kijeshi inayowashangaza watu. Iliongozwa na James Reese Europe, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Alabama mwaka 1881. Familia yake ilihamia Washington alipokuwa mtoto, wakakaa mtaa mmoja na akina Sousa. Na mwalimu wake wa fidla alikuwa nani? Enrico Hurlei, msaidizi wa kiongozi wa Bendi ya Marine. Kumbukeni wakati wenyewe. Bendi ile isingemchukua kijana mweusi kuwa mpigaji wake. Milango ilifungwa kwa rangi ya ngozi. Lakini mwanamuziki wake alimpa kijana huyo masomo. Sitaki kuifanya hadithi hii kuwa tamu kuliko ilivyokuwa. Kumfundisha mtu fidla si sawa na kumfungulia mlango. Hata hivyo masomo yale yalifika mbali: mwaka 1918 Luteni Europe aliongoza bendi ya kikosi cha 369 cha askari weusi kutoka New York, wakapiga machi na nyimbo za Ufaransa kwa mdundo wa jazi ambao Wafaransa wengi hawakuwa wameusikia. Siku walipotua bandarini Brest, watu walihitaji muda kutambua kwamba wimbo uliokuwa ukipigwa ni wimbo wao wa taifa.

Vita vikaisha mwaka 1918. Sasa fikirini: maelfu ya wanamuziki wa kijeshi wanarudi nyumbani, na viwanda vya tarumbeta na ngoma vilivyozoea kuuzia jeshi havina tena mnunuzi mkubwa. Wanamuziki wakatafuta kazi shuleni. Viwanda vikatafuta wateja shuleni. Mwaka 1923 yakafanyika mjini Chicago mashindano ya kwanza ya kitaifa ya bendi za shule, na watengenezaji wa vyombo ndio walioyalipia. Hakuna ubaya kusema wazi kwamba biashara ilikuwemo. Mtoto wa mji mdogo wa Iowa au Indiana aliyepewa klarineti hakujali sana nani amefaidika.

Vyuo navyo vilikuwa vimeshaanza. Sheria ya mwaka 1862 iliyotoa ardhi ya kujengea vyuo vya kilimo na ufundi ilivitaka vifundishe pia mbinu za kijeshi, kwa hiyo wanafunzi walipiga kwata, na penye kwata lazima pawe na ngoma. Mwaka 1907 bendi ya Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, ikaamua kwamba kutembea kwa safu zilizonyooka hakutoshi: wapigaji wakajipanga uwanjani wakawa herufi P. Kutoka hapo hakukuwa na kurudi nyuma. Bendi zikaanza kuchora uwanjani nyota, mawimbi, magari, chochote mtu anachoweza kukiona akiwa amekaa jukwaani juu.

Huku kwetu pwani jambo linalofanana na hilo lilitokea bila shule wala kiwanda. Vijana wa Mombasa na Lamu, mwishoni mwa karne ya 19, waliziona bendi za meli za kivita, za askari na za misheni ya Freretown, wakachukua walichokipenda: sare, vyeo, mwendo wa gwaride, tarumbeta na ngoma kubwa. Wakaunda beni. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi wakishindana. Tanganyika kukawa na Marini na Arinoti, na askari waliorudi kutoka vitani wakazieneza bara. Wengi wa hawa hawakufundishwa na mtu. Walitazama, wakaiga, wakageuza ikawa yao. Ni njia nyingine ya kujifunza, na ina raha yake, lakini leo nazungumzia ile ya mwalimu na mwanafunzi kusimama bega kwa bega.

Sasa twende San Antonio, Texas, mwezi Januari.

Kuanzia mwaka 2008, na kwa takriban miaka kumi, Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilikuwa likikusanya mjini humo vijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari kutoka nchi nzima ili waunde bendi moja. Idadi yao ilifika 125: wapiga trompeti, tromboni, sousafoni, saksafoni, klarineti, filimbi, ngoma za aina zote, pamoja na wacheza bendera, wale wanaorusha na kuzungusha bendera kubwa kufuatana na muziki. Hawa si watu wa kuokotwa barabarani. Kila mmoja alipendekezwa, akatuma rekodi ya video akipiga na kutembea, akachujwa kati ya wengi. Kazi yao ilikuwa kupiga wakati wa mapumziko ya mchezo mkubwa wa futiboli ya Kimarekani kati ya wachezaji bora wa sekondari wa Mashariki na wa Magharibi, ndani ya uwanja wa Alamodome, wenye paa na viti zaidi ya 60,000, huku televisheni ikirusha nchi nzima.

Walikuwa na siku chache tu. Na kila mmoja alikuwa bingwa kwao. Hapo ndipo palipo na ugumu ambao watu hawauoni. Ukichukua mabingwa 125 kutoka bendi tofauti huna bendi. Una watu 125 wenye desturi tofauti. Huyu kwao wanatembea kwa kuinua goti, yule kwao wanateleza kisigino kwanza kisha vidole. Huyu amezoea kuanza na mguu wa kushoto huku akivuta pumzi kwa hesabu mbili, yule kwa hesabu moja. Huyu kwao ndiye anayesikika kuliko wote na anajua. Atafanyaje akijikuta katikati ya safu ya watu wanane ambao kila mmoja kwao alikuwa ndiye?

Ndiyo maana walialikwa askari wanamuziki, wakiwemo wa Bendi ya Jeshi ya Ziara yenye makao Fort Meade, Maryland, iliyoanzishwa mwaka 1946. Askari hawa wanajua kupiga, hilo halina ubishi. Ila wakuu wa bendi za shule nao wanajua kupiga. Kitu ambacho askari anacho, na ambacho kijana bingwa mara nyingi bado hana, ni mazoea ya miaka ya kuwa mmoja katika safu. Ameshazoea kwamba aliye kulia kwake leo huenda ni mgeni, na kwamba kazi lazima ianze saa mbili kamili hata hivyo.

Mazoezi yanaanza bila chombo. Vijana wanasimama, askari mbele yao, wanapumua. Vuta pumzi kwa hesabu nne, toa kwa hesabu nne. Vuta kwa mbili, toa kwa nane. Vuta kwa moja. Inachosha na inaonekana ya kitoto. Lakini wapuliza tarumbeta wakivuta pumzi pamoja, wanaanza pamoja, hata kama hawajawahi kuonana. Sauti ya kwanza ya bendi ni pumzi, na mwenye sikio anaisikia kabla ya noti.

Kisha hatua, na hapa msikilize vizuri maana ndipo penye hesabu. Uwanja wa futiboli ya Kimarekani umechorwa mistari kila baada ya yadi tano, yaani mita 4.57. Askari wa gwaride anapiga hatua ya inchi 30, karibu sentimita 76, kwa hiyo anatoka mstari hadi mstari kwa hatua sita. Bendi za shule na vyuo kwa kawaida zinatumia hatua nane. Gawanyeni wenyewe: sentimita 57 kila hatua. Kwa nini nane? Kwa sababu muziki wa machi unahesabiwa kwa nne na nane. Sentensi moja ya muziki ikiisha, mguu umefika mstarini. Kijana anaisoma ardhi kwa sikio lake. Kila mpigaji ana kijitabu kidogo chenye orodha ya mahali pake, kwa mfano hatua mbili kulia kwa mstari wa yadi 35, hatua nne mbele ya alama za katikati. Na baada ya hesabu 16 awe pengine kabisa. Onyesho la dakika chache linaweza kuwa na mahali kama hapo kadhaa wa kadhaa, na hatakiwi kuangalia chini hata mara moja.

Mkufunzi askari anatembea ndani ya safu, siyo mbele yake. Nadhani hilo ndilo muhimu kuliko yote. Kocha wa jukwaani anaona picha nzima, anapaza sauti kwenye kipaza sauti: mstari umepinda, rudieni. Ni kweli umepinda, lakini kijana wa tisa hajui kama ni yeye. Askari aliye kando yake anajua. Anamwambia taratibu, hatua yako ya nne ni fupi, unaogopa kumkanyaga wa mbele, usiogope, naye anakwenda. Basi. Hakuna hotuba. Wanarudi mwanzo, wanapiga tena.

Kuna jambo hapo ambalo vijana wenye vipaji hupata shida nalo. Kwao wakisahihishwa huwa ni habari kubwa, kwa sababu hawasahihishwi mara nyingi. Mwanamuziki wa jeshi husahihishwa kila siku na hujibu kwa neno moja na kuendelea. Haombi radhi ndefu, hajielezi. Kijana akiona mtu mzima mwenye cheo, mpigaji kuliko yeye mara kumi, anaambiwa noti yako imepanda naye anashusha tu bila kununa, anajifunza kitu ambacho hakimo kwenye kijitabu.

Wapiga ngoma wana dunia yao. Mtawasikia kabla ya kila kipande wakitamka kwa midomo: dat, dat, dat, dat. Hiyo ndiyo saa yao. Wanakaa nyuma katikati, na kuna sababu. Sauti hewani inakwenda karibu mita 340 kwa sekunde moja. Inaonekana ni mbio sana, mpaka mkumbuke kwamba uwanja ule una urefu wa mita 91 kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli. Sauti inauvuka kwa zaidi ya robo ya sekunde. Sasa machi ya kawaida ina mapigo 120 kwa dakika, yaani nusu sekunde kila pigo. Kwa hiyo aliye mwisho huu wa uwanja akimfuata kwa sikio aliye mwisho ule, atachelewa zaidi ya nusu ya pigo. Na ndani ya Alamodome, chini ya paa, sauti inagonga ukuta na kurudi, hujui ipi ni ya sasa na ipi ni ya jana. Kijana mwenye sikio zuri ndiye anayeathirika zaidi, kwa sababu amezoea kuliamini.

Dawa yake ni kwamba dramu meja, yule anayesimama juu ya jukwaa dogo akipunga mikono, anatazama miguu ya wapiga ngoma; walio mbali wote wanatazama mikono yake; na walio mbele wanapokea sauti inayotoka nyuma yao. Mwanga hauchelewi. Macho yanashika mdundo, masikio yanashika tuni. Askari wa gwaride wanaijua kanuni hii tangu zamani, ndiyo maana kiongozi wa bendi ya jeshi hubeba fimbo ndefu yenye kichwa kinachong'aa: ni ya kuonekana na walio safu ya mwisho.

Wakati wa chakula maswali yanabadilika. Vijana wanauliza: hivi nyinyi ni askari kweli? Ndiyo. Mwanamuziki wa Jeshi la Nchi Kavu anafanyiwa kwanza majaribio ya muziki, akifaulu anakwenda mafunzo ya uaskari ya wiki kumi kama wengine wote, matope, shabaha na kwata, kisha wengi hupelekwa Shule ya Muziki ya jeshi huko Virginia. Bendi ya Marine ya Washington peke yake ndiyo isiyowapitisha watu wake kwenye mafunzo hayo ya kivita. Wao wanachukuliwa kwa majaribio, na mpigaji hupiga akiwa nyuma ya pazia ili waamuzi wasikie tu, wasione ni nani. Laiti pazia hilo lingekuwepo enzi za akina Europe.

Na sasa nitasema jambo ambalo kwenye matangazo ya mchezo halikusemwa kwa sauti. Jeshi halikulipia tiketi za ndege, sare na hoteli kwa mapenzi ya tarumbeta tu. Marekani haina jeshi la lazima tangu mwaka 1973. Kila askari ni mtu aliyejiandikisha mwenyewe, na wa kuandikishwa ni vijana wa umri huohuo wa kumaliza sekondari. Bendi ilikuwa muziki na ilikuwa pia tangazo, na mwaka 2018 ndipo udhamini wa jeshi katika mchezo ule ulipokwisha. Wapo wazazi walioliona hilo na kulipinga, wapo waliolifurahia. Mimi naona kijana ana haki ya kulijua na bado akajifunza anachokipenda. Wengi wa vijana wale hawakuwa askari. Walirudi makwao, wakaenda vyuoni, na wapo waliokuwa walimu wa bendi za shule.

Askari wanaendelea. Bendi za majeshi ya Marekani bado zinakwenda mashuleni, zinakaa na safu ya trompeti alasiri moja, zinapiga tamasha jioni bila kiingilio na kuondoka. Hakuna televisheni. Pengine kazi bora inafanyika huko, kwenye ukumbi wa shule wenye viti vya plastiki, kuliko ilivyofanyika chini ya taa za Alamodome.

Mkitaka kuuelewa uwanja ule, hamhitaji kwenda Texas. Nendeni uwanja wa mpira wa shule yenu, ambao mara nyingi hukaribia mita mia. Mmoja asimame goli hili na debe, mwingine goli lile na debe lake, wa tatu asimame mstari wa kati, pembeni, awaangalie wote wawili. Kwanza wawili wale wafumbe macho na kupiga pamoja kwa kusikilizana, haraka kama mwendo wa kwata. Aliye katikati ataanza kucheka. Kisha wafumbue macho, na wa katikati awapungie mkono: moja, mbili, tatu, nne. Pimeni pia mita nne na nusu kwa kamba, muweke alama mbili, mtembee hatua nane sawa, halafu sita, huku mmoja akihesabu kwa sauti. Mwenye miguu mirefu atalalamika kwenye nane, mfupi atalalamika kwenye sita. Mbadilishane zamu, na anayehesabu asiharakishe.